Tamasha Dogo la Muziki: Kazi Yake, Hatari Zake na Faida Yake kwa Amani

Maongezi ya redio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya jamaa zilizokimbia vita, jamaa zilizowapokea, na viongozi wa mitaa ya Alunguli

Wamama, wapapa, vijana na watoto mnaokaa ng'ambo hii ya mto, Alunguli, nawasalimu. Nawasalimu pia ninyi wa Kasuku na Mikelenge mnaotutazama kutoka upande wa pili wa Lualaba. Na zaidi nawasalimu ninyi mliofika hapa na mzigo kichwani, mkiwa mmeacha nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wenu.

Leo tunaongea juu ya muziki. Usicheke. Najua mwenye njaa atauliza: "Ngoma ya nini, na sahani ni tupu?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu mbele kidogo. Lakini kwanza angalia jambo moja. Mkimbizi na mwenyeji hukutana wapi? Hukutana kwenye maji, hukutana sokoni, hukutana kwenye mlango wa kituo cha afya. Pahali hapo pote patatu kuna kitu cha kugombania: kwenye maji ni ndoo, sokoni ni bei, kwa mganga ni zamu. Je, ni wapi wanapokutana bila kitu cha kugombania? Tamasha dogo la muziki linaweza kuwa pahali pa namna hiyo, kama likitengenezwa vizuri. Likitengenezwa vibaya, litakuwa pahali pa nne pa ugomvi. Ndiyo sababu tunalieleza polepole.

TAMASHA DOGO NI NINI?

Hatusemi tamasha la mwanasiasa anayegawa mashati kabla ya uchaguzi. Hatusemi tamasha la kampuni ya pombe. Tunasema mkutano wa nyimbo na ngoma ambao watu wa pahali wanautengeneza wenyewe: korali, kikundi cha ngoma za asili, vijana wa gitaa, wamama wa chama, watoto wa shule. Vikundi sita au nane, siku moja au mbili, watu mia mbili au mia tatu. Hakuna mkubwa mmoja anayelimiliki. Wenye tamasha ni wale walioleta viti, kuni, maji na sauti zao.

Udogo huo si aibu. Tamasha dogo linaweza kusimamiwa na watu wanaojuana kwa majina. Likikosea jambo, kosa linaonekana na linarekebishwa. Likipata deni, deni linalipika.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Msidhani kwamba sisi ndio wa kwanza. Wako waliofanya kazi hiyo kabla yetu, na safari yao inatufundisha.

Tuanze na Goma. Novemba 2012 mji ule ulitekwa na M23 kwa siku chache. Katika mwaka 2013 watu walitengeneza tamasha la muziki kwa jina la Amani, lakini mapigano yalirudi karibu na mji, wakaliahirisha. Hawakulitupa. Walingoja, na Februari 2014 lilifanyika kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Maelfu ya watu walifika. Mamia ya vijana walifanya kazi ya kujitolea: kupokea wageni, kusimamia milango, kuokota takataka. Pembeni ya jukwaa kulikuwa na mabanda ya watu wenye kazi ndogo za mikono na mashirika. Tamasha hilo liliendelea miaka mingi.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwisho wa Januari 2025, Goma iliingia tena mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo. Jamaa nyingi zilikimbia, na nyingine zilitembea mpaka Maniema. Kwa hiyo tamasha halikuzuia vita. Mtu akikuambia kwamba nyimbo zinazuia bunduki, anakudanganya. Mali nako waliliona hilo. Mwaka 1996, mjini Timbuktu, silaha karibu 3,000 zilichomwa moto mbele ya watu kumaliza uasi wa kaskazini. Mwaka 2001 likazaliwa Tamasha la Jangwani, likaita watu wa makabila mbalimbali kukaa pamoja mchangani. Januari 2012 lilifanyika kwa mara ya mwisho. Vita vilirudi, na watengenezaji wake wakawa wakimbizi.

Basi faida iko wapi? Faida ni hii: vijana waliojifunza kuketi pamoja, kuhesabu feza mbele ya wenzao na kuongoza watu wengi bila fimbo, ujuzi huo hauchomwi pamoja na nyumba. Mwenye nao anakimbia nao. Labda mmoja wao analala leo karte yako, na hujamuuliza anajua kufanya nini.

Sasa twende Zanzibar. Tangu Februari 2004 liko tamasha linaloitwa Sauti za Busara, ambalo kwa miaka mingi limefanyika ndani ya Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe. Mambo matatu yao yatusaidie. La kwanza, hufungua kwa maandamano ya ngoma barabarani, ili hata asiye na tiketi aone na asikie. La pili, wamekuwa wakikusanya wanamuziki wa nchi mbalimbali, wanakaa siku kadhaa wakifanya mazoezi pamoja, kisha wanapanda jukwaani kama kikundi kimoja. La tatu, mwaka 2016 feza za wafadhili hazikutosha. Waliwaambia watu wazi kwamba mwaka huo hakuna tamasha. Mwaka 2017 wakarudi. Angalieni neno hilo: kufuta kwa ukweli kulilinda jina lao. Ahadi ya uongo ingeliua.

Na hapa kwetu Kongo? Wazee wanakumbuka Kinshasa, Septemba 1974. Tamasha kubwa la siku tatu lilitengenezwa ili lifuatane na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Walikuja James Brown na Miriam Makeba. Wa nyumbani walikuwapo Franco na Tabu Ley. Lakini Foreman aliumia juu ya jicho katika mazoezi, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki ukapigwa, ila wageni waliotazamiwa kutoka ng'ambo hawakuja kwa wingi. Funzo: tamasha lililofungwa kwenye kamba ya mtu mwingine huanguka pale kamba ile inapokatika. Usiweke siku yako juu ya ziara ya mkubwa, wala juu ya mfadhili aliyesema tu "tutaona".

MWENYE KIPAZA SAUTI ANA NGUVU

Kabla ya kueleza kazi, lazima tuseme juu ya hatari moja. Muziki si mwema wala si mbaya wenyewe. Ni kama kisu cha jikoni. Nchini Rwanda kulikuwa na mwimbaji aliyependwa sana, Simon Bikindi. Desemba 2008, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Kosa lililomfunga lilikuwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti juu ya gari, mwezi wa Juni 1994, akiwahimiza watu waue Watutsi. Ni mwanamuziki, ni kipaza sauti, na ni barabara ya kawaida.

Kwa hiyo kila tamasha liwe na sheria ya kipaza sauti, nayo isomwe mbele ya wote: hakuna wimbo wa kutukana kabila, hakuna kusifu kikundi chenye silaha, hakuna kumtaja jirani kwa jina la kumchafua. Kamati isikilize nyimbo zote katika mazoezi. Mtu mmoja mwenye heshima akae karibu na fundi wa sauti, na awe na ruhusa ya kuzima mara moja. Heri dakika tano za kimya kuliko miezi mitano ya kisasi.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kamati. Watu saba au tisa wanatosha. Nusu wawe wenyeji, nusu wawe waliokimbia. Wamama wasiwe wa kupika tu. Wawe pia katika hesabu na katika maamuzi. Mwekaji wa feza asiwe ndugu wa mwenyekiti. Na mkubwa wa komini au shefu wa karte asiwe mwenyekiti, hata akiwa mtu mwema. Kazi yake ni kulinda, na siku ya ugomvi atahitajika kama mwamuzi. Mwamuzi hachezi mpira.

Hatua ya pili ni barua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 26, inasema wanaotengeneza mikutano barabarani au pahali pa wazi wanapaswa kuwajulisha wenye mamlaka kwa maandishi. Andikeni mapema. Semeni siku, saa, uwanja, majina ya kamati na vikundi vitakavyoimba. Mshike nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo ngao yenu siku mtu mwenye kofia atakapofika kuuliza, "Nani amewapa ruhusa?"

Hatua ya tatu ni siku na saa. Kwetu mvua hupungua kati ya Juni na Agosti, na mwezi wa Julai na Agosti watoto wako likizo. Huo ndio wakati mzuri. Juu ya saa, sikilizeni sana ninyi wa Alunguli. Ofisi nyingi, stesheni ya treni na soko kubwa viko ng'ambo, na watu huvuka kwa mtumbwi. Jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Mkimaliza usiku, watu watajaa katika mitumbwi gizani, wengine wamekunywa lotoko. Mto hausamehe. Anzeni saa saba mchana, malizeni saa kumi na moja, ili mgeni wa mwisho avuke akiona maji. Ongeeni na wapiga kasia wiki moja kabla: hesabu ya watu kwa kila mtumbwi, nauli isiyopanda siku hiyo, na jile za kuelea kama zinapatikana. Wapiga kasia nao wapewe heshima yao. Wataje jina la tamasha kwa kila abiria, ndio watangazaji wenu bora.

Hatua ya nne ni feza. Hapa ndipo matamasha mengi yanapokufa. Andikeni kwanza yale msiyoyalipa: uwanja wa shule au wa parokia, viti vya makanisa na msikiti, mianzi na turubai, sauti za korali, ngoma, lokole, likembe. Halafu andikeni yale ya kulipa: kukodi vipaza sauti, mafuta ya jenereta, maji, sabuni, dawa za kituo cha kwanza, chakula cha wanamuziki. Mfano: jenereta ndogo ya kVA 5 hunywa karibu lita moja na nusu au mbili kwa saa. Siku mbili za saa nne nne, pamoja na saa moja ya kujaribu sauti kila siku, ni lita 15 mpaka 20. Hapa kwetu mafuta hufika kwa safari ndefu na bei yake inauma. Basi jiulizeni: je, saa zote zinahitaji umeme? Ngoma na korali husikika bila waya. Wekeni vikundi vya gitaa pamoja katika saa mbili za katikati, na mafuta mengi yatabaki.

Kiingilio je? Mahali penye waliopoteza yote, mlango wa kulipia unatenga tena. Wengine huweka kapu: mwenye franga atie, asiye nazo alete ndoo ya maji au fungu la kuni, asiye na kitu aingie. Wauzaji wa samaki, sombe, mandazi na karanga walipe kidogo kwa pahali, na nusu ya pahali hapo zipewe wamama waliokimbia. Kisha, ndani ya siku saba, hesabu yote ibandikwe ukutani, kwenye ofisi ya karte: ziliingia ngapi, zilitoka ngapi, zimebaki ngapi, nani amezishika. Jambo hili lina nguvu kuliko hotuba kumi za amani. Mkimbizi aliyeona msaada ukipotea njiani, na mwenyeji anayesema "wao tu ndio wanaopewa", wote wawili wanasoma karatasi moja.

Hatua ya tano ni ulinzi wa watu. Njia mbili za kutokea ziwe wazi wakati wote. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na njia yake iwe na watu wanaoaminika. Maji yatiwe dawa, na sabuni iwe karibu na chakula. Kipindupindu kinaijua njia ya Lualaba. Iwekwe meza ya watoto waliopotea, yenye mama wawili wasioondoka. Bunduki zisiingie uwanjani. Wapolisi waliotumwa kulinda wasimame nje ya kamba. Ombeni hilo kwa upole, na kwa maandishi, katika barua ile ya kwanza.

Hatua ya sita, nani anaimba? Msiweke "siku ya wenyeji" na "siku ya wakimbizi". Mkifanya hivyo mmejenga ukuta kwa mbao za jukwaa. Changanyeni. Fanyeni kama wale wa Zanzibar: chagueni wapigaji watatu waliokimbia na watatu wa Alunguli, wape siku nne za mazoezi, wafunge tamasha pamoja. Mpigaji wa ngoma wa Kirega, wa Kikusu au wa Kisongola akikutana na kijana wa gitaa kutoka Kivu, lazima wasikilizane; asiyemsikiliza mwenzake anaharibu wimbo mbele ya wote. Hakuna somo la amani lililo fupi kuliko hilo.

MASWALI MAWILI MAZITO

Swali la kwanza ni lile la njaa. Je, ni vema kucheza huku watu hawajala? Jibu: tamasha lisichukue hata franga moja ya chakula au dawa. Feza iliyotolewa kwa unga inunue unga. Lakini mtu hakupoteza unga peke yake. Alipoteza jina lake. Kule kwao alikuwa mwimbishaji wa kanisa, fundi wa ngoma, mama anayejua nyimbo za harusi. Hapa anaitwa mkimbizi, namba katika daftari. Siku akisimama mbele ya watu na kufanya kile anachokijua, jirani anamwona mtu mwenye kazi na akili. Kesho yake ni rahisi zaidi kumkodisha kipande cha shamba, kumkopesha jembe, kumwita kwenye kazi. Hatusemi itakuwa kwa kila mtu. Tunasema mlango unafunguka.

Swali la pili ni la matanga. Ziko jamaa ambazo hazijazika watu wao, na kelele za furaha zinawachoma. Waendeeni nyumbani kabla. Waambieni siku na saa, waulizeni. Anzeni tamasha kwa kimya na kwa maombi ya dini zote zilizopo, na wekeni nyimbo za kuomboleza kwanza, za furaha baadaye. Asiyetaka kuja asilazimishwe, na asisemwe vibaya. Kulia pamoja nako ni kazi ya muziki.

Na ninyi wenyeji, mkumbuke. Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, ni wangapi kati yenu waliolala porini, wakila mizizi na kusikiliza risasi kutoka mjini? Wakimbizi wa leo ni ninyi wa jana. Mliokimbia, nanyi mkumbuke: mwenye nyumba aliyewapokea alikuwa maskini kabla hamjafika, na amegawa kile kidogo alichonacho. Mgeni siku ya kwanza, mgeni siku ya pili, siku ya tatu mpe jembe. Katika tamasha hili jembe la mgeni ni ngoma, na ufagio wa kusafisha uwanja.

FAIDA INAYOBAKI

Uwanja ukishasafishwa, nini kinabaki? Inabaki kamati inayojua kuandika barua na kushika hesabu. Kamati hiyo hiyo inaweza kesho kutengeneza zamu ya kisima. Wanabaki vijana waliolinda mlango bila kupiga mtu. Inabaki njia ya kupeleka habari: uvumi ukizuka usiku, mwenyeji anamjua mkimbizi wa kumuuliza, na mkimbizi anamjua mwenyeji wa kumwamini. Zinabaki nyimbo ambazo watoto wa pande mbili wanazijua. Desemba 2021, rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika hazina za urithi wa wanadamu wote. Rumba hiyo ilikua katika miji ambamo watu wa asili mbalimbali walikutana na kuchanganya nyimbo. Mchanganyiko si jambo geni kwetu.

Viongozi, ombi langu kwenu ni dogo. Mkiletewa barua, msiidai kitu chini ya meza. Siku yenyewe njooni, kaeni kati ya watu, hotuba iwe ya dakika tano. Na mkiona kamati haiko tayari, waambieni waahirishe. Goma waliahirisha, Zanzibar walifuta mwaka mmoja. Hakuna aliyewaita waoga.

Na wewe, mama au papa, kijana au msichana, usingoje mfadhili. Wiki hii tafuta mtu mmoja wa upande mwingine anayejua kuimba au kupiga ngoma. Muulize wimbo mmoja wa kwao, umfundishe mmoja wa kwenu. Mkifika watu saba, mna kamati.

Haba na haba hujaza kibaba. Someni karatasi hii kwa sauti kwa asiyejua kusoma, kisha mpeni jirani. Amani ikae nanyi, ng'ambo hii na ng'ambo ile.